Mkwe Ndani ya Wino

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidole.

Mgonjwa alikuwa dereva wa lori la viazi, mwanaume mnene mwenye ndevu, amelala mezani, kichwa kimefungwa mkanda ili asitikisike. Wino ulikuwa umeshapanda. Nilijua umepanda kwa sababu alisema, "Uso unaniungua, dada," na mimi nikamjibu kama ninavyowajibu wote, "Ni joto tu, kaka. Linapita." Ndipo mkono wake wa kulia ukaanza kufanya kazi juu ya shuka. Kidole gumba kilisukuma kitu kidogo mbele, kikasimama, kikasukuma kingine. Halafu kidole cha kati kikajikunja nyuma ya gumba na kufyatuka, pa, kama mtu anayemfukuza kifaranga bila kutaka kumuumiza.

Alikuwa anachambua maharage. Akikuta jiwe, analifyatua.

Nimemwona mtu mmoja tu akifyatua mawe ya maharage namna ile. Wengine wote huyaokota na kuyatupa.

Nilipangusa jasho lake, picha zikaisha, mpira ukatolewa, nikamkandamiza pale ulipoingilia mpaka damu ikakata. Alipokaa vizuri nilimuuliza kama nyumbani kwake huwa anasaidia jikoni. Akacheka mpaka Sista Eliwaza, muuguzi wetu, akamkemea asicheke.

"Mimi? Jikoni? Mke wangu akisikia hilo atakufa kwa furaha."

*

Kazi yangu ni kusema. Watu wanaonifahamu hucheka wakisikia, maana mimi hata sokoni naonyesha kwa kidole. Lakini najua Kinyakyusa cha wazee, na Sista Eliwaza alisema sauti yangu ni ndogo, na sauti ndogo humfanya mgonjwa atulie ili aisikie. Kwa hiyo kila mgonjwa wa kichwa anayeletwa kwenye kituo chetu hapa Tukuyu, mimi nakaa kwenye stuli karibu na sikio lake, namweleza yatakayompata.

Namwambia: utaingizwa mpira mwembamba, mwembamba kuliko utambi, kwenye mshipa wa nyonga au wa kifundo cha mkono. Utachomwa sindano ya ganzi kwanza. Mpira ukipanda hutausikia, maana mishipa haina maumivu kwa ndani. Ukifika shingoni, tutapitisha wino. Utasikia joto usoni, ladha kama umelamba kijiko cha chuma, pengine utaona cheche hata ukifumba macho. Usishtuke, usimeze mate, usigeuke. Ukigeuka, picha inaharibika, na mpira unaweza kukwaruza mshipa. Wachache sana hupata kiharusi mezani. Ni wachache, ila wapo, nami sitakuficha. Kama una mimba, kama figo zinakusumbua, kama dawa yoyote iliwahi kukuvimbisha midomo, sema sasa. Baadaye utalala mguu umenyooka, utakunywa maji mengi, na ukiona damu, au mkono ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, uniite.

Hayo yote niliyashika kwa kusikia. Shule niliiacha darasa la tano, mama alipoanza kuumwa kichwa.

Daktari wetu hakai Tukuyu. Anaitwa Dokta Rweyongeza, yuko Mwanza, na hapa tunamwona kwenye skrini, miwani na paji la uso tu. Mikono yake ni ile ya chuma iliyoning'inia juu ya meza. Inapoanza kusogea wagonjwa hufumba macho.

Na wino si wino kama wa kalamu. Ni punje, ndogo kuliko chembe ya damu, na zinajifunza. Zamani dawa ya picha ilipita na kwenda na mkojo. Huu wa siku hizi unaingia kichwani, unagusa kuta za mishipa yote hadi ile ambayo hakuna jicho lingeiona, halafu sumaku inauita, unarudi kwa mpira uleule, unaoshwa, unamsubiri mwingine. Kila kichwa kinaufundisha. Ndiyo maana unaweza kuona uvimbe wa mshipa mdogo kama mbegu ya mtama, na mikono ya chuma ikauziba hapohapo kabla haujapasuka. Lakini wino usiojifunza ni kipofu. Wa kwetu ulianza kujifunza kichwani mwa mgonjwa wa kwanza kabisa kuletwa hapa.

Mgonjwa huyo alikuwa mama yangu, Sekela. Uvimbe wake ulionekana vizuri sana. Kila mtu aliisifu ile picha. Ulipasuka mikono ikiwa bado njiani kuufikia.

*

Baada ya dereva alikuja binti wa kwaya. Naye alichambua. Baada yake, mzee wa kiwanda cha chai, mkono mmoja umepooza, na ule mkono uliopooza ndio ulichambua. Sista alidhani amepona, akapiga vigelegele. Wino ulipotoka, mkono ukalala tena.

Halafu akaja Mama Atupele, muuza vitumbua wa stendi, mwanamke wa maneno mengi. Wino ulipopanda alinyamaza. Hilo peke yake lilitosha kutushtua. Midomo yake ikafunguka, na sauti ikatoka ikiwa ya kwake lakini imepunguzwa, kama mtu anayeongea na mwenzake aliye chumba cha pili.

"Tusa amekula?"

Kwenye skrini Dokta alitabasamu. "Ana njaa huyo. Mwambie tunamaliza."

Mimi nilikuwa nimeshika kingo za stuli. Kibandiko changu kifuani kinasema Tusajigwe. Hapa kazini wananiita Tusa-dada au wewe mdogo. Tusa peke yake, hivyo, hakuna aliyebaki wa kuniita.

"Tusa amekula?" Mama Atupele aliuliza tena. Mkono wake ulifyatua jiwe.

Alipotolewa nilimuuliza ameona nini. Akaniangalia muda mrefu, bila mzaha wake wa kawaida.

"Nilikuwa nimelala mahali, mwanangu. Hapahapa, lakini dari ilikuwa mpya. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyotoka nifike nyumbani, maharage niliyaacha kwenye ungo. Na kulikuwa na mtoto namwazia." Akajishika kifua. "Mimi sina mtoto anayeitwa Tusa. Lakini niliumia kwa ajili yake kama nimemzaa. Hamkuniambia kama kuna mtu humo."

Nilimwinamishia kikombe cha maji.

Jioni, Sista alipokwenda kuosha vyombo, nilisimama mbele ya skrini. Nikasema yote kwa mara moja, nikitazama sakafu. Dokta alivua miwani. Sikuwahi kumwona bila miwani. Alionekana kama mtu aliyeamshwa.

"Tusajigwe, pole," alisema. "Nilijua kuna masalio. Sikujua ni ya nani."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua wino unashika zaidi ya umbo la mshipa. Damu inakimbilia pale unapowaza. Wino ukijifunza damu inavyokimbia, unajifunza kidogo na wazo. Haumdhuru mgonjwa. Ni kama kuvaa koti la mtu, unakuta bado lina joto."

"Mama Atupele anasema hatukumwambia."

"Tukiwaambia, nani atapanda meza ile? Wewe unawajua watu wa kwenu. Na nikiusafisha wino, unarudi kuwa kipofu. Mpya uliokwisha kufundishwa kwingine hauji mpaka barabara zikauke. Hapo katikati tutazika wangapi?" Akavaa miwani. "Sikulazimishi. Nakuuliza tu kama mtu anayezika."

Nilisema nimeelewa. Ukweli ni kwamba alinipa sababu nzuri, na mimi nilikuwa na yangu ambayo sikumpa. Wino ukisafishwa, hakuna atakayeuliza tena kama nimekula.

Basi niliendelea na kazi. Niliwaeleza joto, na ladha ya chuma, na cheche. Halafu nilisogeza stuli karibu zaidi kuliko inavyotakiwa, nikasubiri. Kuna waliouliza. Kuna waliochambua tu. Sikujibu hata mara moja. Niliogopa kwamba akijibiwa ataridhika.

*

Babu aliletwa asubuhi ya mvua, kwenye kiti cha plastiki, vijana wa jirani wamemshika pande zote.

Huyu ni baba wa baba yangu, Mzee Mwakilembe, fundi wa mashine za kusaga. Baba alikwenda machimboni Chunya nikiwa mgongoni na hatukusikia habari zake tena, kwa hiyo mama alipokufa tulibaki mimi na babu. Alikuwa ameanguka kwenye mashine, jicho moja limefunga, kichwa kinamuuma mpaka anatapika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umevaa nguo za kijani, unafanana na panzi." Akajaribu kucheka, akakishika kichwa. "Waambie hawa vijana wasinitingishe. Wananibeba kama gunia la pumba."

Sista alimpima, Dokta akatazama. Picha ya haraka ya nje ilionyesha damu kidogo imeshavuja. Mahali hasa ilipotokea haikuonekana.

"Mshipa umeonya," Dokta aliniambia, Sista akimbadilisha babu nguo nyuma ya pazia. "Safari ijayo hauonyi. Nahitaji wino ndani yake sasa hivi."

"Dokta, huyu ni babu yangu. Ni baba mkwe wa mama."

Dokta alikuwa mtu wa Bukoba, hakuelewa. Ikabidi nimweleze, na mimi kueleza kwangu ni shida.

Kwetu, mwanamke haonani na baba wa mumewe. Siku hizi vijana wengi wameacha, wanakaa meza moja na wakwe wanacheka. Nyumbani kwetu haikuachwa. Mama hakuwahi kuingia nyumba aliyomo babu. Hakutamka jina lake. Wakikutana njiani, mama alitoka kwenye njia, akaingia migombani, akampa mgongo mpaka hatua za babu ziishe. Na babu naye aligeuza uso. Haikuwa chuki. Ndivyo walivyopeana heshima, na waliifanya kwa ustadi, kama watu wanaocheza ngoma moja bila kutazamana. Chakula cha babu mama alikipika maisha yake yote ya ndoa, na mimi nikakibeba. "Mwambie mwenyewe chumvi leo imezidi," mama alisema; mwenyewe ndiye babu. "Mwambie mama yako haijazidi." Nyumba yake ilikuwa chini ya kilima, nami nilikipanda na kukishuka na maneno yao.

"Kwa hiyo," Dokta alisema taratibu, "akimkuta humo..."

"Atageuka."

"Amefungwa mkanda."

"Atageuka, Dokta. Hatafikiri. Amegeuka hivyo tangu mimi sijazaliwa."

Mvua ilipiga bati. Dokta alikuwa anaangalia picha ya damu.

"Nikimlaza usingizi mzito, wino haufiki kwenye mishipa inayolala. Nahitaji awe macho," alisema. "Na ukimwambia, atakataa."

"Labda."

"Akikataa, anakufa, Tusajigwe. Nyamaza kidogo tu. Pengine hatamtambua."

Alisema kwa upole, na hapo ndipo palikuwa pagumu. Angenifokea ningejua cha kufanya. Nilifikiria babu kwenye jeneza, na nyumba ile ya chini imefungwa kufuli. Nilifikiria pia babu akipona, akirudi nyumbani akiwa amebeba macho ya mkwewe ndani ya kichwa chake, kitu alichokikwepa maisha yote, na mimi ndiye niliyemwekea bila ruhusa. Angenishukuru. Na mimi ningemletea chakula kila siku nikijua.

"Mgonjwa ni yeye, kichwa ni chake," nilisema. "Nitamwambia."

Mikono ya chuma ilirudi juu, ikasubiri.

*

Nilikaa kwenye stuli. Babu alikuwa chini ya shuka, miguu yake mirefu imetokeza.

Nilimweleza mpira, ganzi, joto, cheche. Nikamwambia wachache hupata kiharusi. Akasema, "Hao wachache walikosa nini?" nikasema sijui. Nikafika mahali ambapo kwa kawaida namaliza.

"Kuna jambo jingine, babu. Ndani ya wino kuna mtu. Si mzima wote. Ni mawazo yake kidogo, ya siku aliyolala hapa. Utamsikia kama uko ndani yake."

"Mzimu?"

"Dokta anasema ni kama joto kwenye koti."

"Dokta aseme anavyotaka. Ni nani?"

Nilitazama mikono yangu. "Ni mama."

Jicho lake zima lilibaki kwenye dari. Nilidhani hakunisikia. Halafu mkono wake ukaja ukavuta shuka mpaka kidevuni, kama mtu aliyefumaniwa akioga.

"Nifungue," alisema.

"Babu..."

"Nifungue nitoke, we mtoto! Mnanitaka nifanye nini? Nikaingie chumbani kwa mkwe wangu? Na nguo hizi za mgongo wazi?"

Sista Eliwaza aligeukia ukuta. Nadhani alicheka, au alilia. Mimi nilinyoosha mkono nikafungua mkanda wa kichwa. Nilimwambia barabara zikikauka wino mpya utakuja, kama mshipa utangoja. Nikamwambia Dokta anasema hautangoja.

Babu aliketi kwa shida. Alivuta pumzi. Jasho lilimtoka.

"Anajua?" aliuliza. "Yeye. Anajua yuko humo?"

"Hajui, babu. Anadhani bado anasubiri kurudi nyumbani."

"Masikini." Alitikisa kichwa, akaumia, akatulia. "Mwanamke yule alinipikia miaka yote, sijui hata ana macho ya rangi gani. Nilijua mgongo wake. Nilijua anavyokohoa. Alipokufa nilikaa nyuma ya nyumba, sikuingia walipomlaza, kwa sababu nisingeweza kumwona hata hapo." Akavuta shuka magotini. "Njiani yeye ndiye alikuwa anatoka. Kila mara. Hata akiwa na kuni kichwani. Hata akiwa na mimba yako. Mimi nilipita tu."

Nilimfuta jasho.

"Nilaze," alisema. "Nitafumba macho. Nikimkuta, ninyi mniambie nisigeuke, maana shingo hii haina akili. Na wewe, mke wangu, utasimama katikati yetu kama kawaida."

*

Wino ulipanda. "Joto," babu alisema. "Chuma." Halafu mkono wake wa kulia, mkubwa, wenye kovu la mkanda wa mashine, ukaanza kusukuma maharage juu ya shuka.

Alikunja uso wote. Misuli ya shingo ilivimba chini ya mkanda.

"Yupo," alisema akiwa ameuma meno. "Tusajigwe, yupo. Mwambie apishe. Mwambie mwenyewe anapita."

"Usigeuke, babu."

"Mwambie!"

"Anatikisika," Dokta alisema. "Picha inacheza. Siuoni uvimbe. Akiendelea hivi nautoa mpira, sina njia."

Midomo ya babu ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mzee, lakini imepunguzwa.

"Tusa amekula?"

Mara nyingi nilipolisikia swali lile niliziba mdomo kwa mkono. Safari hii mkono haukupanda.

"Nimekula, mama," nilisema.

Kidole kikasimama. Kikaanza tena. Mkanda ukalia, babu alikuwa anaushinda.

"Tusa amekula?"

Nikaelewa kwamba kushiba kwangu hakumtoshi. Alikuwa amekaa pale, ungo mapajani mwake, akingoja kuruhusiwa kwenda nyumbani, na ataendelea kungoja ndani ya kila kichwa tutakachompeleka, na hakuna aliyemwambia. Siku ya msiba wengine walinisemea. Watu walipouliza nilisema hayupo. Nilisema ametangulia. Hata kaburini, wenzangu walipomlilia, mimi sikutoa neno.

Niliinama mpaka midomo yangu ikagusa sikio la babu, nikasema kwa sauti ambayo hata Mwanza waliisikia. Kidole kilifyatua jiwe la mwisho, mkono ukafunguka, ukalala. Shingo ikalegea. Kwenye skrini mishipa ya babu ilitulia, mti mzima mweupe, na kwenye panda ya tawi moja uvimbe ulikaa wazi, na mikono ya chuma ikashuka, ikauziba. Tangu hapo nimewaambia wagonjwa wengi kuhusu wino, na hakuna tena aliyechambua kitu.

Nilichosema ni hiki.

"Mama, wewe ulikufa. Ulikufa palepale mezani, na mimi nilikuwa nje ya mlango. Mpishe babu, mama. Nimebaki naye tu."